Shuka la Kitanda cha Pili

Tarehe 4 Februari

Mama yangu mdogo,

Pokea salamu za mzee uliyemweka mahali. Mimi sijambo. Kifua kimetulia, goti la kulia limekubali yaishe, la kushoto bado linanung'unika kama mke wa pili. Wewe je? Mumeo, wajukuu zangu, na ile meza niliyoichoma kwa pasi, hawajambo? Usinune, natania. Nilikupa jina la mama yangu, kwa hiyo nina haki ya kukudekea mpaka nife.

Umeuliza kama nimezoea. Nimezoea. Kengele ikilia tunakula, ikilia tena tunalala, kama wanafunzi, ila hakuna anayefaulu. Chumba chetu kina vitanda viwili. Cha kwanza, cha dirishani, ni changu. Cha pili ni cha mzee mmoja aliyekuwa karani wa mizani ya malori miaka thelathini na mmoja, na hapa hana jina lingine ila Mizani. Ukimpa kitu mkononi anakutajia uzito wake. Mkate, kiatu, bomba la dawa ya meno lililobaki nusu. Nilimbishia siku ya kwanza, tukaenda jikoni kwa mpishi kupima, akapatia mpaka nikaona haya mimi. Huyo ndiye anayenifunga drafti kila siku baada ya chai. Sijawahi kumfunga hata mara moja. Akishinda hacheki, anapanga vizibo upya tu, na hicho ndicho kinachoniudhi.

Sasa lipo jambo, lisome peke yako. Bomba la baba yako limelegea. Nalala mkavu, naamka nimelowa. Ukubwa jalala, wanasema, lakini hawakusema kuhusu bwawa.

Na hapa kuna daftari. Saa kumi na mbili asubuhi mhudumu tunayemwita Mama Funguo, maana hulia kiunoni kama ng'ombe mwenye kengele, anapita kitanda kwa kitanda, anapapasa shuka, anaandika. K ni kavu. M ni mbichi. Ukipata M tatu kwa wiki unahamishiwa Chumba cha Mwisho, kule nyuma kwenye kufulia, wanakovishwa nepi watu wenye wajukuu, na mlango hauna komeo. Waliokwenda kule sijaona aliyerudi kucheza drafti.

Mimi ni dobi, mama. Miaka arobaini nimefua mashuka ya mji mzima, nikajua siri za nyumba zao kuliko mashehe na mapadri. Kuvua kitanda na kukitandika, kwangu ni kama kupiga chafya. Mizani huamka saa kumi na moja alfajiri, anakwenda barazani kusikiliza redio. Nikisikia mlango umefungwa, nafuta mpira wa godoro kwa taulo, nabadilisha suruali, shuka langu linahamia kwake, lake linahamia kwangu. Mama Funguo anaandika kitanda cha kwanza K, cha pili M.

Nimefanya mara mbili wiki hii. Naihesabu, sitamfikisha ya tatu, mimi si mnyama. Alibisha, akamwonyesha Mama Funguo suruali yake kavu. Akajibiwa kwa upole kwamba kila mtu hubadilisha suruali. Akaja kuniuliza mimi, mwenzake, kama nimemwona akijikojolea. Nikamwambia uzee haubishi hodi.

Usiwasomee watoto.

Baba yako.


Tarehe 15 Februari

Shikamoo Baba,

Barua imefika, nashukuru kusikia kifua kimetulia. Huku tu wazima. Mdogo alikuwa na homa, imepoa. Dukani dawa zinaisha kabla hazijaletwa nyingine, nasimama tangu asubuhi, miguu inavimba. Mume wangu anakusalimu na anasema meza ameipiga randa, anakuomba usiiote.

Nimeisoma barua yako nyuma ya kaunta nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama dada nimeingiwa na kitu. Nisamehe, ila nimecheka. Nilikuona kabisa na lile taulo.

Lakini acha, Baba. Yule mzee ni mwenzako wa chumba. Kamwambie muuguzi mkuu ukweli, hutakuwa mtu wa kwanza. Na usinywe chai baada ya saa kumi na mbili jioni, najua unaiba ya pili. Nimekutumia suruali nne za kulalia, zile za mpira kiunoni.

Mwanao.


Tarehe 9 Machi

Mama yangu mdogo,

Suruali zimefika na zinanitosha, ahsante. Natumaini miguu imepungua, weka juu ya ndoo ukiwa huna wateja. Hapa hatujambo sote, kwa kiasi chetu.

Chai ya pili nimeiacha. Bomba halikujali.

Nilikosea hesabu. Wiki ya pili ya Februari ilikuwa mbaya kwangu, nikamfikisha Mizani M nne. Nilijua anahama. Nikakaa kitandani namwangalia anavyofunga kamba za viatu, nikajiambia wakija kumchukua nitasema. Hawakuja. Sista Mkuu alitangaza mezani, wote tukisikia, kwamba siku hizi mtu hahamishwi kabla ya kujaribiwa dawa. Alhamisi daktari akaja. Huyu huja kila Alhamisi ya pili, ana wazee hamsini na asubuhi moja. Alisoma daftari, akasoma kitanda, akaandika. Mizani alimwambia, daktari, mimi nimelala kavu maisha yangu yote. Daktari akamwambia, mzee, wote husema hivyo, si aibu. Hata hakukaa.

Basi anakunywa kidonge kidogo cha bluu asubuhi. Nikaona kumbe Mungu mkubwa, hahami, na kidonge si sumu, ni cha kukausha tu. Nikaendelea na yangu. Shuka likawa bado linalowa, unajua la nani, wakaongeza, sasa ni viwili, asubuhi na jioni.

Nakuuliza tu kwa kuwa uko dukani: hicho cha bluu kazi yake nini kingine? Maana mwenzangu anakunywa maji kama ngamia aliyefika, ulimi unagonga kama kipande cha mbao. Chooni anakaa nusu saa anatoka mikono mitupu. Juzi alinisalimia mara mbili kwa dakika moja. Na jana nilimfunga drafti. Mara nne. Nilidhani siku hiyo ikija nitazunguka jengo nikiimba. Nilipanga vizibo nikavirudisha kwenye kopo.

Baba yako.


Tarehe 20 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, watoto wazima. Natumaini na wewe.

Nitakueleza kama ninavyowaeleza wateja. Kidonge hicho kinazuia kibofu kisijikamue ovyo. Lakini hakichagui kibofu peke yake. Kinakausha mate, kinafunga choo, kinatia ukungu machoni, na kwa mtu mzima wa umri wenu kinapanda kichwani. Wengine wanaanza kusahau, wengine wanaongea na ukuta. Mtu mwenye ugonjwa, daktari anapima: afadhali kitanda kikavu au afadhali kichwa. Huyu hana ugonjwa. Anakunywa dawa ya kwako, Baba. Na kila ukihamisha shuka wanamwongezea, kwa sababu dawa haiwezi kukausha kitanda ambacho hakijakojolewa na anayeimeza.

Kamwambie Sista leo. Ukishamaliza kusoma, vaa viatu uende. Mwezi ukiisha bila barua yako nitapiga simu mimi.

Mwanao.


Tarehe 18 Aprili

Shikamoo Baba,

Sijui kama u mzima. Mwezi umeisha na mwingine umefika nusu.

Nilipiga simu. Alipokea mama mmoja, funguo zinalia nyuma, akaniambia wewe hujambo, unakula vizuri, wanakusifu. Nikasema ahsante. Nikakata.

Sikusema, Baba. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye karatasi. Halafu nikafikiri, nikisema watakuhamishia kule nyuma, au watakuambia urudi, na mimi hapa chumba kimoja tunalala watano. Nikakunja karatasi. Kwa hiyo sasa tuko wawili.

Niandikie, hata mstari mmoja. Niambie kama umeacha.

Mwanao.


Tarehe 6 Mei

Mama yangu mdogo,

Mimi mzima. Mashuka yangu ni mabichi, vingine vizima.

Niliacha. Barua yako ya Machi niliisoma barazani, na kuanzia kesho yake kila shuka lililala kwa mwenyewe. Viatu nilivaa pia, kama ulivyoagiza. Nilifika mlangoni kwa Sista Mkuu. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwuliza kama ana sindano ya kushonea, akanipa, nikarudi nayo. Bado ninayo.

Nikajiambia basi, yamekwisha bila maneno. Lake litakuwa K, watapunguza vidonge, kichwa kitarudi, mimi nitapata M zangu, kama ni nepi ni nepi. Nikasubiri. Wiki moja lake lilikuwa K kweli. Ila katika wiki hiyo alikuwa ameshavaa shati kwenye miguu, na akampa mpishi sabuni aichanganye kwenye uji. Daktari wa Alhamisi akasema hii ni kusahau kwa uzee, akamwandikia kidonge kingine cha kumrudishia akili. Cha njano. Cha bluu hakuondoa.

Siku tano baada ya cha njano, Mama Funguo alipapasa kitanda cha pili. M. Na mimi nilikuwa sijasogea. Nikaenda kupapasa mwenyewe, kwa mkono wa dobi, nikanusa. Lake kabisa. Tangu hapo kila siku. Uongo wangu umekuwa kweli, sasa nitakwenda kukiri nini? Wameongeza cha bluu, vitatu.

Mimi pia ninapata M, lakini kwa kuwa wameona mwenzangu yuko vile, wanasema nimemwonea huruma nikaiga. Sista alisema hivyo, na wote mezani wakacheka, na mimi nikacheka.

Drafti hatuchezi. Nilimwekea mkate mkononi, nikamwuliza uzito. Aliushika muda mrefu, akanirudishia. Akasema, samahani, sijui.

Na kila asubuhi akiamka, kabla hata hajagusa shuka, ananigeukia ananiambia, nisamehe mwenzangu, nimetuaibisha. Kila asubuhi, kwa maneno hayohayo. Mwanzoni yalikuwa yananichoma. Sasa ninajibu hamna shida, halafu natafuta kandambili.

Baba yako.


Tarehe 14 Mei

Shikamoo Baba,

Soma pole pole. Mara mbili.

Kidonge cha njano ni cha kusahau, na moja ya kazi zake mbaya ni kulegeza kibofu. Ndicho kilichomlowesha. Cha bluu ndicho kilichomsahaulisha. Kimoja kinafunga, kingine kinafungua, na katikati yupo mtu. Uongo wako haujawa kweli. Umemezeshwa mtu mpaka ukatokea upande wa pili.

Na chanzo bado ni shuka lako, na daktari halijui hilo, kwa hiyo ataendelea kuongeza mpaka mzee aanguke bafuni.

Mwache Sista na chai yake. Mngoje daktari Alhamisi, mwambie yeye. Karatasi niliyoiweka humu ndani ni ya kwake, nimeandika majina ya dawa zote mbili na kilichoanza kabla ya kipi. Muuza duka hamfundishi daktari, nimeandika kwa heshima. Wewe mpe tu, na sema ya kwako kwa mdomo wako.

Wakikutoa, njoo. Tutalala sita. Pasi nimeificha.

Mwanao.


Tarehe 12 Juni

Mama yangu mdogo,

Natumaini nyote wazima, na mdogo homa haijarudi. Mimi nakuandikia kutoka Chumba cha Mwisho. Kumbe komeo lipo, lilikuwa upande wa nje.

Alhamisi nilisimama kwenye foleni ya wagonjwa bila kuumwa. Nikampa daktari karatasi yako. Akaisoma, akaikunja. Nikamwambia shuka la kitanda cha pili lilikuwa langu, tangu Februari mpaka ile barua ya binti yangu. Akaniangalia kwa ule upole wao. Akasema, mzee, wewe ni rafiki mwema. Sista akaongeza kwamba wazee wakipendana hubebeana mpaka magonjwa. Nikaona hapa nimekaa miezi nikisema uongo naaminiwa, leo ukweli hauna mnunuzi.

Nikamwomba Mama Funguo aje chumbani, na daktari, dakika moja tu. Nikamwambia hesabu. Nikavua vitanda vyote viwili, nikabadilishana mashuka, nikatandika. Alifika arobaini na mbili. Zamani ningemaliza kwa thelathini. Daktari akasema inaonyesha mzee ana mikono, haionyeshi kitu kingine.

Lakini Mama Funguo alikuwa ameinama kwenye kona ya kitanda cha Mizani. Sisi madobi tuna namna yetu ya kukunja kona, mkunjo wa mara mbili halafu ncha inaingizwa chini kama ulimi wa bahasha, nilifundishwa na baba yangu na nikashindwa kukufundisha wewe. Mkono unakunja wenyewe, sikuwahi kufikiria kuuzuia. Mama Funguo akaigusa ile kona kwa kidole.

"Kona hii nimeivua kwenye kitanda hiki tangu Februari," alisema. "Nilikuwa namsifu Mizani kwa wenzake kwamba analowesha lakini ni msafi. Na ilipotea Machi."

Daktari alikaa kwenye kitanda changu, mara ya kwanza namwona amekaa. Akaifungua karatasi yako tena.

Cha njano wamekata siku hiyohiyo. Cha bluu wamepunguza kidogo kidogo, juzi kikaisha. Daktari alitaka kukihamishia kwangu, kwa kuwa sasa mwenye kibofu amejulikana. Nilimwambia, daktari, nina kichwa kimoja na suruali nne. Akaandika kitu, sijui nini, lakini kidonge hakijaja. Badala yake Mama Funguo mwenyewe ndiye ananiamsha saa nne na saa tisa usiku, ananiambia nenda. Ninakwenda. Siku nyingine tunawahi, siku nyingine hatuwahi. Nepi sijavaa, nimempa masharti, amenipa yake. Mezani wanajua wote. Walinitazama siku tatu, ya nne mmoja akaniuliza kama ninaweza kumfundisha ule mkunjo.

Sasa Mizani. Unataka kujua, najua.

Shati amelirudisha juu. Mpishi amemkumbuka. Kitanda chake ni K, kila siku, tangu wiki ya kwanza ya cha njano kukatwa. Drafti anasogeza vizibo vyema halafu anasahau ni zamu ya nani, na mimi simwambii, namwacha acheze mara mbili. Daktari anasema mengine yatarudi na mengine huenda hayatarudi, hawezi kujua yapi ni ya dawa na yapi ni ya miaka. Nilimweleza Mizani yote, nikianza na taulo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake nikamweleza tena, maana hakuwa nayo.

Kimoja ndicho hakijatoka. Kila asubuhi akiamka bado anasema nisamehe mwenzangu, nimetuaibisha. Na kitanda kikavu. Yuko peke yake chumbani sasa, analiambia hata dirisha. Sista amemwambia si kweli, Mama Funguo amemwonyesha daftari, K, K, K. Anatikisa kichwa, anaona wanamsitiri.

Kwa hiyo saa kumi na mbili mimi navua shuka langu, nalibeba mikononi bila kulikunja, napita nalo ukumbini mbele ya watu wanaokunywa chai, mpaka kwake. Jumatatu lilikuwa bichi. Navua na la kwake. Nikamwekea la kwake mkononi kwanza.

Alilipima. Mkono ukapanda, ukashuka kidogo, kama zamani. "Gramu mia sita," akasema. "Kavu."

Nikamwekea langu.

"Kilo moja kasoro gramu hamsini." Akanusa. "Hili ni bichi. La nani?"

Nikamwambia ni langu. Nikamwambia lilikuwa langu tangu mwanzo.

Akaniangalia, mama, akaniangalia vizuri, kama anayesoma namba ya lori. Halafu akanirudishia shuka langu, akanishika bega.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Yatapita. Si aibu."

Nikamtandikia. Kesho yake alianza upya, nisamehe, nimetuaibisha. Na mimi nilikuwa mlangoni tayari, nimelibeba.

Baba yako.